Mtumbwi Usio na Jiwe

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe 23 Agosti 2021, siku ileile wakubwa wa Sydney walipoamua kwamba watu wa magharibi ya mji wafungiwe ndani usiku kama kuku, na wale wa ufukweni waachwe wapunge upepo. Asubuhi hiyo, katika nyumba moja ya wazee pale Rooty Hill, mhudumu alipimwa akakutwa na korona. Kufika mchana, nusu ya wenzake walikuwa wamerudishwa makwao kujitenga. Jioni, bawa zima la nyuma la jengo, na wazee wake wote, likabaki mikononi mwa mwanamke mmoja, Emérance, Mkongomani wa Bukavu. Kulipokucha Jumanne, kitanda cha chumba cha mwisho kilikuwa kitupu. Mzee Senan Hehir, Mwairishi wa miaka themanini na tisa, walimkuta kwenye kijito nyuma ya uzio, amelala kifudifudi katika maji yasiyofika magotini, ndala za chumbani zikiwa bado miguuni.

Meneja hakungoja hata chai ipoe. Aliwaambia polisi kwamba Emérance ndiye aliyeacha mlango wa nyuma wazi. Akawaambia na jamaa wa marehemu, kwa sauti yake ile ya pole. Ijumaa kungekuwa na kikao. Wakimwona ana kosa, Emérance asingemgusa mgonjwa tena katika nchi hii, na jalada lake lingepelekwa kwa hakimu wa vifo. Mwanamke aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka na miaka bila mlango wowote wa kuacha wazi sasa angeitwa muuaji kwa sababu ya mlango.

Methodi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mchana pale getini. Kazi yake ilikuwa kuwaelekezea watu kipima joto kwenye paji la uso na kuwaambia wanawe mikono. Zamani, Bukoba, alikuwa koplo wa polisi. Darasa la saba, hakuongeza hata moja, lakini wezi wa ng'ombe walilijua jina lake. Binti yake Kokugonza, mhasibu, ndiye aliyewaleta Australia yeye na mkewe Tumpe ili wapumzike. Tumpe alipumzika Julai, hospitalini, na mumewe aliagana naye kupitia kioo cha simu kilichoshikwa na muuguzi aliyevaa plastiki. Tangu siku hiyo Methodi hakuwa na adabu kwa mtu yeyote mwenye tai.

Emérance alimpigia Jumatano.

"Papa Methodi, wewe ulikuwaka polisi. Unisaidie."

"Nilikuwa koplo, Mama Aksanti. Koplo hasaidii mtu. Koplo anapiga saluti."

Alimwita Mama Aksanti kwa jina la bintiye mkubwa, kama walivyomwita wote. Akakata simu. Lakini Alhamisi, meneja alipotafuta mtu wa kufungasha vitu vya marehemu na kila mhudumu akageuza uso, Methodi alinyoosha mkono.

"Wewe?" meneja akashangaa.

"Mimi nimeshazoea vitu vya marehemu," Methodi akasema.

Chumba kilinuka dawa ya kuoshea sakafu. Methodi hakugusa kitu. Alisimama mlangoni kwanza, mikono nyuma, kama alivyofundishwa na sajini mmoja mkali wa Kagera: chumba kitazame kabla hakijakutazama. Kitanda, blanketi limesukumwa upande wa ukutani. Maana yake mzee alishuka mwenyewe, hakuburutwa. Droo zote tatu zimevutwa. Mto uko chini, foronya imegeuzwa ndani nje. Godoro limenyanyuliwa pembeni na halikurudi vizuri.

"Mwizi?" alijiuliza kwa sauti. Akachungulia droo. Saa ya mkononi ipo. Pete ya ndoa ipo ndani ya soksi. Mwizi wa namna gani huyo anageuza foronya na kuacha dhahabu?

Dirishani, lile linalotazama nyuma, palikuwa na mtumbwi mdogo, urefu wa mkono mmoja, mweusi, wa mbavu za fito zilizovikwa turubai na kupakwa lami. Mzee aliuunda mwenyewe, kila mtu mle ndani alijua. Aliwapa hata wahudumu washike makasia yake membamba kama njiti. Methodi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Vumbi lilikuwa limetanda ndani ya mtumbwi wote, laini, la miezi. Isipokuwa pale mbele, kwenye omo. Pale palikuwa na doa safi lenye umbo la yai, na uzi mmoja mwekundu umenasa kwenye ubavu.

Alichukua uzi ule akauweka ndani ya barakoa mpya, akaikunja. Mfuko wa ushahidi ungetoka wapi?

Koridoni alikutana na Waceke, muuguzi wa bawa la mbele, Mkikuyu wa Nyeri, mwepesi wa maneno na wa miguu. Jumatatu usiku ndiye aliyekuwa muuguzi pekee wa jengo zima.

"Afande! Umepandishwa cheo? Sasa ni upelelezi?"

"Ni kufungasha soksi. Waceke, wewe ulikuwepo alipotolewa majini?"

Utani ukamtoka usoni. "Nilikuwepo."

"Alikuwa na nini?"

"Pajama. Kigari chake cha kutembelea kilikuwa pale juu, kwenye nyasi. Na mifuko imejaa mawe. Polisi walisema labda alitaka kujizamisha. Meneja akasema hata kama ni hivyo, ni kwa sababu hakuna mtu alikuwa anamwangalia. Ukienda huku ni Emérance, ukienda kule ni Emérance."

"Mawe makubwa kiasi gani?"

"Aki, Methodi. Madogo. Kama mayai ya njiwa. Manne, matano hivi."

"Mayai matano ya njiwa hayazamishi hata paka."

"Hiyo uwaambie wao."

"Alikuwa mtu wa kutaka kufa?"

"Huyo? Huyo alikuwa anabishana na jua!" Waceke akatabasamu kidogo. "Kabla tufungiwe alikuwa anazunguka bustani kila asubuhi na kigari chake. Anauliza jua linaenda upande gani ndio alifuate. Ukimwonyesha anakasirika, anasema jua la huku linatembea kinyume, eti litamharibia mashua yake."

Methodi alilihifadhi hilo. Hakujua la kulifanyia. "Kengele ya mlango wa nyuma. Mzee akisukuma mlango ule lazima ilie. Ililia?"

Waceke alitazama juu, kwenye kamera ya dari, kisha akapunguza sauti. "Haikulia."

"Kwa nini?"

"Wachana na hiyo."

"Waceke."

"Ilizimwa alasiri. Tulikuwa tunavalia magauni ya plastiki pale nje, kila mtu akipita inapiga makelele. Meneja akakuja akasema izimwe, na mlango usifungwe kwa ufunguo ili watu wasikwame. Nikamuuliza, na wazee? Akasema Emérance atawaangalia."

"Alimwambia nani?"

"Mimi. Kwa mdomo tu. Hakuna pahali imeandikwa."

"Kesho utayasema hayo?"

Waceke alicheka kicheko kisicho na meno. "Viza yangu imeshikwa na hii nyumba, mzee wangu. Nikifungua mdomo nafukuzwa. Na ndege hakuna, mipaka imefungwa. Nitaenda kuishi wapi, hewani?"

Methodi hakumlaumu. Mnyonge akiulizwa ukweli anatazama kwanza nani ameshika sufuria. Ila alitamani sana, siku moja tu, kuwaona wenye sufuria wakiulizwa wao.

Zamu ilipoisha alipita nyuma ya jengo. Nyasi za Agosti zilikuwa bado zimelala, na magurudumu ya kile kigari yalikuwa yameacha mistari miwili iliyonyooka kama reli, kutoka mlangoni mpaka kwenye pengo la uzio. Mzee hakuwa amepotea. Mtu aliyepotea anapinda, anarudi, anazunguka. Huyu alijua anakokwenda.

Ukingoni mistari ikakoma. Methodi alichuchumaa, magoti yakalia. Kijito chenyewe ni cha kudharauliwa, maji ya kahawia, mifuko ya plastiki, kigari cha supamaketi kimepinduka katikati. Lakini kando ya maji alikuta kitu ambacho polisi wa viatu safi walikiruka: fungu la mawe. Yamepangwa, si yamemwagika. Yote yana umbo la yai, na yote yameoshwa tope. Aliyekaa pale alikuwa akiopoa jiwe, analisuuza, analitazama, analiweka pembeni. Si lenyewe. Anaopoa jingine. Yale yaliyomtia shaka aliyatia mfukoni, pengine akayatazame kukipambazuka. Kisha akaingia ndani zaidi.

Mtu anayetaka kujizamisha hachagui mawe.

Methodi aliokota moja akalitia mfukoni, jeusi, la kijivu likikauka. Kwa hiyo mambo matatu: palikuwa na jiwe ndani ya mtumbwi, jiwe likaondolewa, na mzee akaja kulitafuta hapa. Mawili ya mwanzo aliyaelewa. La tatu lilimshinda. Katika dunia nzima hii, mzee alijuaje kwamba atafute majini?

Emérance aliishi Mount Druitt, nyumba ya chini, dirisha la sebuleni likitazama kipande cha nyasi. Alikuwa amejitenga, haruhusiwi kutoka, wala mtu kuingia. Methodi alisimama nje ya dirisha, hatua chache nyuma, barakoa usoni, kama mtu aliyekuja kudai. Ndani, televisheni ilikuwa inapiga kelele. Emérance akawafokea watoto kwa Kiswahili wapunguze, Aksanti akamjibu kwa Kiingereza kwamba si yeye.

"Unaona?" Emérance akasema. "Wananisikia, lakini midomo yao ni ya kizungu."

"Mama Aksanti, nina maswali. Ukinidanganya nakwenda zangu."

"Uliza, Papa."

"Mlango uliuacha wazi?"

"Kwa jina ya Yesu, hapana. Ulikuwa tayari hautiwe funguo. Mi nilikuwa peke yangu. Huku mumoja anatapika, kule mumoja anaanguka. Nilienda kwa Muzee Senan saa ya chakula, nikarudia tena, alikuwa analala. Mara ya tatu sikufika. Bibi mumoja alikuwa anakosa pumuzi, nilikaa naye mpaka Waceke akakuja."

"Nakuamini. Sasa niambie. Ndani ya ule mtumbwi wa dirishani palikuwa na nini?"

Emérance aliushika ukingo wa dirisha.

"Mtumbwi gani?"

"Mama Aksanti."

Methodi alikunjua ile barakoa na kumwonyesha uzi mwekundu. Mwanamke alifumba macho.

"Jiwe," akasema.

"Endelea."

"Ilikuwa imefungwa na kitambaa nyekundu, na uzi, vizuri vizuri. Kila magaribi alikuwa anaitoa, anaiongelesha kwa luga yao, anairudisha. Papa, kwetu kitu ya hivyo si muchezo! Nilimuuliza. Kingereza yake nayo ni ya puani, nikasikia tu kisiwa, nikasikia mutakatifu, nikasikia maji. Nikasema ni bulozi, ni uchawi. Kuko mutu alimutilia hii kitu ili asiwahi kutoka mu hii nyumba. Mi nilimupenda ule muzee. Alikuwa ananiita binti."

"Ukalichukua."

"Siku ya Mungu, Jumapili usiku, wakati alishalala. Nikapeleka kwa pasteur Abednego. Kanisa imefungwa, aliiombea mu parking, motokaa ikinguruma. Akasema itupwe mu maji, ndio nguvu yake inaisha. Tukaitupa pale kwa daraja."

"Maji gani?"

"Yale yale. Kale kajito."

Basi ndiyo hiyo. Methodi alihisi swali la tatu likifunguka lenyewe, na hakulitaka tena. Lakini polisi ni polisi, hata akiwa wa kipima joto.

"Mzee alijuaje?"

Emérance alianza kulia bila sauti, machozi yakiingia ndani ya barakoa.

"Jumatatu magaribi aliitafuta. Alifungua madroo yote. Alitoa mpaka foronya. Alikuwa analia, Papa, mwanaume mzima. Nikashindwa. Nikamwambia, tulia Papa, niliitupa mu maji, sasa uko huru."

"Ukamwambia maji gani?"

"Nilimuonyesha na kidole. Mu dirisha."

Treni ilipita kuelekea Penrith, taa nyeupe ndani, abiria wawili watatu. Methodi alingoja ipite.

"Nisikilize. Wewe ulitoa jiwe. Mlango hukuufungua wewe, kengele hukuizima wewe, na kukuacha peke yako na bawa zima hukujiacha wewe. Anayejua amri ilitoka kwa nani ameshonwa mdomo. Kesho ukitaja habari ya jiwe, watashangilia. Watasema huyo hapo, Mwafrika na uchawi wake, ndiye aliyemuua mzee wa watu. Mlango watausahau siku hiyohiyo."

"Na nikinyamaza?"

"Watasema mlango ni wako."

"Sasa nifanye nini?"

Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Alikuwa amechora kila kitu, kutoka uzi mpaka kijito, kazi safi ambayo sajini wake angeipigia makofi, na hapakuwa na meza hata moja katika mji huu ya kuiweka. Ukweli wote alikuwa nao mfukoni, na haukuwa na faida kubwa kuliko lile jiwe.

Simu ya Emérance ikalia pale dirishani. Aliitazama kama nyoka.

"Ni Noreen. Binti yake. Kila Alhamisi alikuwa anapiga magaribi, kwao ni asubuhi. Mi ndio nilikuwa namushikia muzee simu."

"Pokea."

"Sitaweza."

"Ukikataa atadhani mengine. Pokea, mimi nipo."

Uso ulitokea kiooni, mwanamke wa makamo mwenye nywele za kijivu, jikoni, madirisha ya nyuma yake yamejaa mvua. Emérance aliegemeza simu ubavuni mwa dirisha lililo wazi ili wote wawili waonekane, na Methodi naye asikie. Noreen alizungumza Kiingereza, taratibu, kama mtu aliyezoea kueleweka na wageni.

"Emérance, mpenzi. Sikukupigia ili nikulaumu. Yule meneja ameniambia mengi, nami nimemsikiliza. Lakini baba alikuwa akiniambia, huyu binti wa Kongo ananifanyia mengi kuliko nyinyi wote. Nani huyo pembeni?"

"Ni Papa Methodi. Ni... rafiki ya baba yako."

"Pole, mama," Methodi akasema. "Mimi ni mlinzi wa pale."

"Asante. Mimi siwezi kuja, mnajua. Mipaka. Nimepiga simu kila ofisi, wananiambia jaza, ngoja, jaza tena. Watamzika mbele ya watu kumi nami nitatazama kwenye kioo hiki."

"Najua," Methodi akasema, na sauti ilimtoka vibaya. "Najua kioo hicho."

Noreen alimtazama, kisha akaendelea.

"Nina ombi moja. Babu zetu walikuwa marubani wa meli hapa, mdomoni mwa mto Shannon. Waliishi kisiwani, Scattery, naweza kukiona hapa jikoni mvua ikiacha. Meli ikitokea baharini, walikimbilia mitumbwi myeusi wakashindana kasia kwa kasia. Wa kwanza kuifikia ndiye anayeiongoza kupanda mto. Wengi walizama. Sasa kisiwa hakina mtu, wa mwisho walihama zamani, imebaki minara na makaburi. Lakini desturi moja haikuhama. Mashua mpya huzungushwa kisiwa, kufuata jua. Kisha hutiwa jiwe moja la ufukweni pale, jiwe la mtakatifu wa kisiwa, na mwenye jiwe hilo hazami. Babu alizama siku moja tu alipoazima mtumbwi wa jirani, usio na jiwe. Bibi alilichukua jiwe la babu, akalifunga flaneli nyekundu, akampa baba alipopanda meli ya kuja huko Australia. Hakuwahi kulala bila kulishika."

Emérance hakuwa akilia tena. Alikuwa amekauka.

"Hakuna mtu mwingine atakayelitaka," Noreen akasema, "ni kokoto tu. Lina mstari mweupe unaolizunguka, kama mkanda. Nataka azikwe nalo, basi. Kama siwezi kuwa mimi, liwe lenyewe. Meneja ananiambia hajui habari ya jiwe lolote. Polisi wameniambia mifukoni mwake kulikuwa na mawe, nikafurahi, nikasema lazima ni mojawapo. Nimeomba picha. Nimeyatazama yote, halimo."

Methodi aliuingiza mkono mfukoni. Jiwe la kijito lilikuwa pale, limepata joto la mwili, umbo lake yai kamili. Alilitoa chini ya dirisha, mahali ambapo simu haikuona lakini Emérance aliona, akaligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili. Lilikuwa jeusi lote. Halikuwa na mstari.

Emérance alitazama jiwe, akamtazama yeye, kisha akaitazama simu. Ndani, watoto walikuwa wamezima televisheni.

"Emérance," Noreen akasema, akasogea karibu na kioo mpaka uso ukajaa, "wewe ndiye uliyekuwa naye. Jiwe la baba liko wapi?"